Tukisema Riba ni Haramu, Tuoneshe na Mlango wa Halali

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Swali ninaloulizwa na akina mama mara nyingi kuliko yote si la tohara, wala la saumu, wala la eda. Ni swali la mtaji. Huulizwa kwa sauti ya chini, aghalabu mwisho wa mazungumzo, baada ya kuzungumzwa mengine yote: “Sheikh, benki wamenikatalia, na mikopo ya simu ina riba. Nifanye nini?” Muulizaji hukumu anaijua. Hakuja kuambiwa kwamba riba ni haramu. Hilo alilisikia tangu yuko chuoni na juzuu ya Amma mkononi. Amekuja kuuliza mlango uko wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na elimu yangu niliipata katika vyuo vya huko. Lakini riziki ya kusomesha iliniweka miaka mingi huku kanda ya ziwa, Pap Onditi, katika ardhi ya Nyakach, Kaunti ya Kisumu. “Pap” kwa Kijaluo ni uwanda ulio wazi, na kweli ni mahali pa uwanda: upande mmoja milima ya Nyabondo, upande wa pili Ziwa Viktoria, na katikati barabara itokayo Katito kuelekea Kendu Bay. Waislamu huku si wengi, ila si wageni. Kendu Bay ina msikiti wa kale, na zipo koo za Wajaluo zilizosilimu tangu enzi za babu zao. Nayaeleza haya ili msomaji wa Mombasa au Malindi asidhani ninasimulia habari za watu wa mbali. Ni ndugu zetu, na shida yao ya mtaji ndiyo ile ile ya mama muuza mahamri wa Kisauni.

Nitazungumzia mama mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi. Ni mjane mwenye watoto wanne, na biashara yake ni omena, yaani wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikuwa akiondoka alfajiri kwenda ufuoni, akinunua kwa wavuvi, akianika, kisha akiuza kwa kipimo cha gorogoro katika masoko ya Pap Onditi, Katito na Sondu. Faida ilikuwa ndogo lakini ya kila siku, na ndiyo iliyosomesha watoto.

Mwaka 2018 alipata wazo zuri. Katika maji ya Kenya, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo omena huadimika na bei hupanda. Aliyenunua Februari na Machi, akakausha vizuri na kuhifadhi pakavu, huuza wakati soko linahitaji. (Na kwa faida ya atakayeuliza: hii siyo ihtikari iliyokatazwa. Ihtikari ni kuwafungia watu chakula ili wadhikike. Huyu ananunua wakati wa wingi, anakihifadhi kisioze, kisha anakileta sokoni wakati kinapotakiwa.) Alihitaji vichanja vya kuanikia, maturubai, magunia, na fedha za kununulia shehena. Akapiga hesabu: shilingi 60,000. Akaenda benki.

Afisa aliyempokea alikuwa mwenye adabu, na mama mwenyewe hakumlaumu. Aliulizwa mambo matatu: hati miliki ya ardhi, taarifa ya akaunti ya miezi sita, na mdhamini mwenye mshahara. Ardhi anayoishi ilikuwa bado katika jina la baba mkwe wake, ambaye alikwisha kufariki, na mirathi haijafunguliwa. Akaunti hakuwa nayo. Fedha zake ziliingia na kutoka kwa simu na kwa mkoba. Na mwenye mshahara katika ukoo ule hakuwapo. Baada ya majuma matatu akapata jibu la kukataliwa. Alikuja nyumbani kwangu, akaketi na mke wangu, nami nikaketi upande wa pili wa ukumbi. Akaitoa barua ile kutoka katika leso kana kwamba ni cheti cha kifo.

Kabla ya kuendelea, ni haki tuieleze benki kwa uadilifu, kwa kuwa hasira haijengi mtaji. Mwezi Septemba 2016 Serikali iliweka sheria ya kudhibiti riba, kwamba benki isitoze zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa kumlinda mkopaji mdogo. Lakini benki ziliona heri kuikopesha Serikali yenyewe, ambayo haifilisiki, kuliko kumkopesha muuza omena ambaye hawaruhusiwi kumtoza kwa kadiri ya hofu yao. Milango mingi ya wadogo ikafungwa, mpaka sheria hiyo ilipoondolewa Novemba 2019. Tena mwaka 2017 ilipitishwa sheria nyingine inayoruhusu mali inayohamishika, kama mifugo, mashine na mazao, iwe dhamana ya mkopo. Ni sheria nzuri, lakini sheria iliyoko Nairobi huchukua muda mrefu kufika kwenye meza ya afisa wa mikopo wa mji mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo benki haikulitazama, nalo ndilo zito zaidi. Mkopo wa kawaida hudai malipo kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza. Biashara ya mama huyu ilikuwa ya msimu: fedha hutoka Februari, hurejea Juni. Hata angepewa mkopo ule, angelazimika kuuza omena zake kabla ya bei kupanda ili alipe marejesho, na faida yote aliyoitazamia ingepotea njiani. Kwa hiyo nilimwambia: “Mama, hukukosa fedha tu. Ulikoseshwa fedha zisizokufaa.”

Basi ni milango gani iliyobaki? Tuihesabu kwa uwazi.

Wa kwanza ni simu. Mikopo ya simu ilienea nchini tangu ilipoanza M-Shwari mwaka 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia 7.5 huona ni kidogo. Lakini 10,000 huzaa 750 kwa mwezi mmoja, na akiendelea kukopa na kulipa hivyo mwaka mzima, atakuwa ametoa 9,000 juu ya kumi zile zile. Hazina ya Hustler iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilishusha sana kiwango hicho, hadi asilimia 8 kwa mwaka. Ni nafuu kwa mfuko, ila jina lake kisheria halibadiliki: ni ziada juu ya mkopo.

Wa pili ni benki za Kiislamu. Alhamdulillah, tangu 2008 zimefungua milango nchini, na zimewafaa wengi. Lakini matawi yao mengi yako Nairobi, Pwani na Kaskazini Mashariki. Na hata anayefika huko huulizwa dhamana, kwa kuwa nazo ni benki na amana za watu ziko mikononi mwao.

Wa tatu ni hazina za Serikali kwa vikundi. Hazina ya Uwezo, iliyoanzishwa 2013, hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia tatu inayotozwa mara moja. Akina mama wengi wameniuliza hukumu ya ada hii. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliruhusu ada ya huduma ya mkopo kwa sharti isizidi gharama halisi. Kinachozidi ni riba. Anayetaka kuingia na aulize ada ile inalipia nini, na amuulize mwanachuoni aliye karibu naye. Hata hivyo mlango huu ni wa kikundi kilichosajiliwa, na mama huyu hakuwa nacho.

Wa nne ni mlango ambao ningependa nisiutaje, lakini jarida la familia likinyamaza juu ya jambo linaloharibu familia, litasema nini? Katika fuo za ziwa hili kuna mazoea yaitwayo jaboya. Samaki wakipungua na wanunuzi wakizidi, baadhi ya wavuvi humuuzia samaki mwanamke atakayekubali kulipa kwa mwili wake pamoja na fedha. Mwanamke mwenye fedha taslimu mkononi, au mwenye mtumbwi wake, ana uwezo wa kukataa. Asiye na kitu huwekwa mahali pagumu. Maradhi yaliyotokana na hali hiyo yameacha mayatima wengi katika ukanda huu. Mama yule alimweleza mke wangu, si mimi, kwamba mvuvi mmoja alikuwa amekwisha kumpa “masharti”. Alikataa, na ndiyo sababu alikwenda benki.

Hapo nikafahamu kwamba barua ile ya benki haikuwa karatasi ya biashara peke yake. Sitara ya mwanamke wa Kiislamu ilikuwa imesimama juu ya shilingi 60,000. Nami ningeweza kusimama mimbarini Ijumaa, nikasema riba ni haramu na zina ni haramu, nikashuka, na kila neno langu likawa kweli. Lakini mama yule angetoka msikitini akiwa hana mlango hata mmoja. Aliyemwambia mwenzake “usipite hapa” ana wajibu wa kumwonesha pa kupita. Jamii inayoharamisha riba, na imepasa kuiharamisha, ina deni kwa watu wake: deni la mtaji wa halali.

Wanawake wa ufuo wa Nyamware na wa Nduru, katika uwanda wa Kano, walilitambua hilo kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walijiunga, na kwa msaada wa wafadhili wakajengewa mitumbwi ikawa yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wawavulie. Siku ile mambo yalipinduka: mwanamke ndiye mwenye chombo, na mvuvi ndiye anayesubiri ujira. Si wote walikuwa Waislamu, bali hekima ni kitu kilichompotea muumini. Popote anapoikuta, yeye ana haki nayo.

Na sisi tuna asili iliyo kongwe zaidi. Nilimsomea mke wangu usiku ule Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik, ambayo wanazuoni wameizungumzia sanadi yake lakini maana yake wameitumia sana katika mlango wa kazi. Mtu mmoja wa Ansari alimjia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akiomba. Mtume hakumpa sadaka. Alimuuliza nyumbani kwake ana nini. Alikuwa na kitambaa na bakuli. Vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja akanunulie chakula cha watu wake, na moja anunue shoka. Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake, akamtuma akate kuni na kuuza, na asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Tazama mpango ule: chakula kilitengwa na mtaji, chombo cha kazi kikanunuliwa, muda ukapangwa unaolingana na kazi, na kiongozi wa umma akaweka mkono wake mwenyewe kwenye mpini.

Kisha akina mama, msisahau kwamba mwenye mtaji maarufu zaidi katika sira alikuwa mwanamke. Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akitoa mali yake kwa watu waaminifu waifanyie biashara, na faida wakigawana. Hivyo ndivyo Mtume alivyokwenda Sham na bidhaa zake kabla ya utume, akifuatana na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija. Huo ndio mudharaba: huyu anatoa mali, yule anatoa kazi, na faida ni ya wote wawili.

Mke wangu alisikiliza, kisha akasema maneno mafupi: “Basi mimi natoa 20,000.” Zilikuwa fedha zake za chama, mali yake mwenyewe, nami sikuwa na neno juu yake. Mwalimu mmoja wa madrasa akatoa 10,000. Shemeji yangu aliyeko Mombasa, ambaye hajawahi kuliona ziwa, akatuma 30,000 kwa simu baada ya kuuliza maswali mengi kuliko yule afisa wa benki. Ila maswali yake yalikuwa mengine. Hakuuliza hati. Aliuliza: mama huyu akiazima kitu hurudisha? Akikuuzia, kipimo chake hujaa? Majirani wakamjibu. Hiyo ndiyo dhamana ambayo benki haina daftari la kuiandika.

Tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa kufuata aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani na imekuja kwa ajili ya kuandika miamala na kushuhudisha. Masharti yalikuwa haya: mtaji ni 60,000, mama ndiye mfanyakazi, faida ni nusu kwa nusu baada ya kuondoa gharama za usafiri, magunia na ushuru wa soko, hesabu ifanywe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Julai na mwisho wa Desemba, si kila mwezi, na hasara, ikiwa haikutokana na uzembe wala hiyana, ni ya wenye mali, na mfanyakazi atakuwa amepoteza jasho lake. Tukasoma sharti hilo la mwisho mara mbili, ili kila mtu alisikie.

Msimu wa kwanza, mwaka 2019, Allah alitia baraka. Mwisho wa Julai, baada ya gharama zote, palikuwa na 87,000. Faida ikawa 27,000: mama 13,500, na washirika 13,500. Mke wangu alipata 4,500, mwalimu 2,250, shemeji 6,750. Mama alilipa karo ya mtoto wa kidato cha pili bila kumpigia mtu yeyote magoti.

Lakini ushirika haujulikani katika faida. Hujulikana katika hasara, na hasara ikaja mwaka wa pili. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kurekodiwa kabla ya hapo. Mito ikafurika, watu wa Kano na wa Nyakach ya chini wakahama nyumba zao, na ufuo wa Nduru nilioutaja juu ukamezwa na maji. Wakati huo huo kulikuwa na maradhi ya korona, na masoko yalikuwa yakifungwa. Mama alikuwa na magunia yake ghalani, juu ya mbao zilizoinuliwa. Maji yakaingia usiku, yakapita mbao. Alichookoa alikianika upya na kukiuza kwa bei ya chakula cha kuku. Tulipohesabu, kati ya 60,000 zilibaki 38,000.

Alikuja na daftari, na kwa kweli daftari lile lilikuwa limelowa pembe moja. Akasema atauza ng'ombe wake wa maziwa ili arudishe 22,000 za watu. Alikuwa hana usingizi kwa siku kadhaa. Mwalimu na mzee mmoja jirani walikwisha kwenda kulitazama ghala, wakashuhudia kwamba magunia yaliwekwa juu kama ilivyotakiwa na kwamba hapakuwa na uzembe. Tukampigia shemeji simu Mombasa. Alinyamaza kidogo, maana 11,000 katika hasara ile zilikuwa zake, na mwaka ule hata Mombasa mambo yalikuwa mazito. Kisha akauliza: “Mkataba unasemaje?” Nikamsomea. Akasema: “Basi ng'ombe abaki bandani.”

Ndugu zangu, kauli ile ndiyo tofauti yote baina ya biashara na riba. Laiti zile 60,000 zingekuwa mkopo wa riba, ziwa lingechukua omena, mkopeshaji angechukua ng'ombe, na deni lingebaki likikua. Katika ushirika wa kisheria, wenye mali walipoteza mali kidogo, mfanyakazi akapoteza kazi ya miezi, na kila mmoja akasimama tena. Na lau tungeipokea fedha ya ng'ombe yule, hata kama aliitoa kwa hiari, tungekuwa tumeugeuza ushirika wetu kuwa mkopo siku ya hasara tu. Tumeshirikiana naye katika asali, tukamwachia nyuki peke yake.

Kwa zile 38,000 aliendelea. Hajawa tajiri. Lakini kufikia mwaka 2023 alikuwa amewarudishia mke wangu na mwalimu mtaji wao uliobaki, na shemeji amechagua kubaki naye katika biashara. Na omena anainunua kwa fedha taslimu, kichwa juu, kutoka kwa mvuvi anayemtaka yeye.

Sasa niseme na nyinyi wasomaji kuhusu yale mnayoweza kuyafanya, kwa kuwa kisa kisichozaa kitendo ni porojo.

Kwanza, tenganisheni haja na mtaji. Mtu akihitaji dawa au chakula, huyo anastahili sadaka au mkopo mwema usio na ziada, na akidhikika aya ya 280 ya Suratul Baqara inatufundisha kumpa muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Anayehitaji kufanya biashara, ingieni naye ushirika. Kuvichanganya viwili hivi ndiko kunakozaa ugomvi wa jamaa.

Pili, faida igawanywe kwa sehemu, kama nusu au theluthi, wala isiwe kiasi maalumu. Ukimpa mwenzio 20,000 na kumwambia, “Nipe 2,000 kila mwezi, upate usipate,” hata mkiiita mudharaba, hiyo ni riba iliyovaa kanzu.

Tatu, muda wa hesabu ufuate mwendo wa biashara. Muuza mahamri anaweza kuhesabu kila juma. Mwenye omena, mpunga au mbuzi hawezi. Tusirudie kosa lile lile la benki kwa jina la udugu.

Nne, andikeni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kuandika siyo dalili ya kutoaminiana, kama wanavyodhani baadhi ya wazee wetu. Ni amri ya Mola iliyokuja kulinda kuaminiana kusiharibike.

Tano, fungueni mirathi. Mama huyu alikosa dhamana kwa sababu baba mkwe alifariki na watu wakaona haya kuzungumzia ardhi. Mume naye akafariki, na haki ikazidi kuzama. Mjane mwenye watoto ana thumni ya alichoacha mumewe, na haki hiyo haikutolewa na ukoo hata ukoo uizuie. Mahakama za Kadhi zipo Pwani na zipo hata Kisumu. Kunyamazia mirathi kwa jina la heshima ni kumnyima mjane leo, na ni kumnyima mtaji mtoto wake kesho.

Sita, na hili nalielekeza kwa kamati zetu za misikiti na vyama vyetu vya akina mama. Tuna chama cha harusi, chama cha vyombo, chama cha safari. Kwa nini pasiwe na chama cha mtaji? Mwaka 2001, katika mji wa Lahore nchini Pakistan, Dkt. Muhammad Amjad Saqib na wenzake walianza na mkopo mmoja wa rupia 10,000 usio na riba, wakampa mama mmoja. Alipozirudisha, akapewa mwingine. Wakaiita taasisi yao Akhuwat, wakikumbuka udugu ambao Mtume aliuunga baina ya Muhajirina na Ansari. Mikopo yao hutolewa ndani ya misikiti mbele ya watu, na hata makanisani kwa majirani wasiokuwa Waislamu. Mwaka 2021 Dkt. Saqib alitunukiwa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo. Hawakuanza na jengo, wala na leseni, wala na mfadhili wa ng'ambo. Walianza na rupia 10,000 na mama mwaminifu. Mama mwaminifu hata sisi tunaye katika kila mtaa. Kilichobaki ni zile elfu kumi.

Najua wapo watakaosema: watu siku hizi si waaminifu, ukiwapa watakula. Wapo, sikatai. Kwa hiyo anza na kidogo, na umjuaye, na kwa mashahidi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tusiufanye udanganyifu wa wachache kuwa udhuru wa kuwanyima wengi, kisha tukashangaa mbona dada zetu wamo katika madeni ya simu, au katika mikono ambayo hatutaki hata kuitaja.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako, na ututajirishe kwa fadhila Zako tusimhitaji asiyekuwa Wewe. Walinde wajane wetu na mayatima wetu, watie baraka wafanyao biashara kwa ukweli, na uwape wenye nacho mioyo ya kushirikiana na wasio nacho. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.